Gertrude Elion: mama aliyeshika ncha zote mbili, figo ya kupandikizwa na mkanda wa jeshi

Ukiingia duka la dawa muhimu pale Mbinga mjini, Mbamba Bay au Lituhi na kuulizia Septrin, umeshika dawa ambayo sehemu yake moja ilitoka katika chumba fulani cha utafiti huko Marekani. Mama mjamzito anapomezeshwa vidonge vitatu vya SP mbele ya nesi kliniki, sehemu moja ya vidonge hivyo nayo ilitoka chumba hicho hicho. Ukienda famasi ya Songea ukakuta vidonge vya jongo vinavyoitwa allopurinoli, au asiklovia anayopewa mtu mwenye mkanda wa jeshi, bado uko chumba kile kile. Ukifika hospitali kubwa ukamkuta mtu aliyepandikizwa figo anameza azathioprini, bado hujatoka humo.

Ndani ya chumba hicho alikuwamo mwanamke mmoja, Gertrude Elion, aliyefanya kazi hapo kwa karibu miaka 40. Wasikilizaji wetu wa kipindi cha afya wamekuwa wakiuliza jambo moja: kwa nini mtu aliyewekewa figo ya ndugu yake anaambiwa akimbie tetekuwanga, ugonjwa ambao huku kwetu tunauona ni wa watoto, wa kuoga maji ya majani na kusubiri upite? Tumeona tulieleze jambo hili kwa kusimulia maisha ya mama huyu. Dawa iliyowezesha figo ya mtu mwingine kukaa ndani ya mwili ni ya kwake na wenzake. Dawa ya kupambana na hatari iliyokuja baadaye pia ni ya kwake na wenzake.

Alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Baba yake alikuwa daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, na mama yake naye alitoka upande huo wa Ulaya ya mashariki akiwa msichana mdogo. Mambo yalikuwa mazuri hadi mwaka 1929, uchumi wa Marekani ulipoporomoka na baba akapoteza akiba yake yote. Gertrude alikuwa mwanafunzi hodari, akamaliza shule akiwa na miaka 15. Mwaka huo huo babu yake aliyempenda sana alikufa kwa saratani ya tumbo, na yeye alimwona akiteseka hadi mwisho. Hapo ndipo alipoamua kusoma kemia, atafute dawa.

Alisoma bila ada katika chuo cha wasichana cha Hunter, kilichochukua wenye alama za juu. Akahitimu mwaka 1937 kwa heshima ya juu kabisa. Akaomba kuendelea na masomo katika vyuo kadhaa, kote akakosa ufadhili. Akaomba kazi za maabara, akaambiwa hazipo, na mahali pengine wakamweleza wazi kwamba msichana akiwa maabara atawavuruga wanaume wasifanye kazi. Akajiunga na mafunzo ya ukarani, akayaacha baada ya wiki chache. Akafundisha manesi kwa miezi mitatu. Akakubali kumsaidia mkemia mmoja bila mshahara wowote, ili tu mikono isisahau maabara, na baadaye yule mkemia akaanza kumlipa kidogo. Kwa fedha alizodunduliza akaingia Chuo Kikuu cha New York, akiwa mwanamke pekee katika darasa lake la kemia. Mchana alifundisha sekondari, usiku na mwisho wa wiki alikuwa maabara. Akapata shahada ya pili mwaka 1941.

Mwaka huo huo mchumba wake, Leonard, alikufa. Vijidudu viliingia ndani ya moyo wake, na penisilini ambayo ingeweza kumponya ilikuwa haijaanza kutumika kwa watu wote. Gertrude hakuolewa maisha yake yote.

Vita vya Pili vya Dunia vilipochukua wanaume, milango ya maabara ikaanza kufunguka kwa wanawake. Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa katika kampuni ya maduka ya vyakula: kupima ukali wa siki kwenye achari ya matango na kuangalia kama kiini cha yai kina rangi inayofaa kwa mayonezi. Tunacheka, lakini kwa msichana aliyetaka kutibu saratani haikuwa kichekesho. Alipoona hana jipya la kujifunza pale, akaondoka.

Mwaka 1944 alipata nafasi katika kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, karibu na New York, kama msaidizi wa mtafiti aliyeitwa George Hitchings. Hitchings alikuwa na wazo ambalo wakati huo watu wachache walilijali. Kila seli inayozaliana, iwe ya binadamu, ya saratani, ya kijidudu cha malaria au ya bakteria, lazima inakili vinasaba vyake, na kwa kazi hiyo inahitaji malighafi. Fikiria fundi anayejenga kwa matofali ya kuchoma. Ukimchanganyia ndani ya rundo tofali linalofanana kabisa na mengine lakini halina upande wa kushika la juu yake, ataliweka bila kujua, na ukuta utakwama hapo hapo. Hitchings alitaka kutengeneza matofali bandia ya namna hiyo. Elion akapewa kundi moja la malighafi hizo, linaloitwa purini.

Wakati huo alikuwa anasoma usiku ili apate shahada ya udaktari wa falsafa, akisafiri kwa treni masaa mengi. Baada ya miaka miwili chuo kikamwambia achague: aache kazi asome muda wote, au aache shule. Akachagua kazi. Tuseme kweli, wazazi wengi wangemwambia anakosea. Shahada hiyo hakuwahi kuipata kwa njia ya kawaida, ingawa uzeeni vyuo vingi vilimpa za heshima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza tofali bandia lililoitwa 6-MP. Wakati huo mtoto aliyepata saratani ya damu kwa kawaida alikufa ndani ya miezi michache. Kwa 6-MP baadhi ya watoto waliinuka kitandani, wakacheza, damu ikaonekana safi. Baada ya muda ugonjwa ulirudi na wengi wakafa. Elion aliumizwa sana na hali hiyo, ya kuwaona wanaanza kupona halafu wanaondoka. Dawa hiyo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1953, na hadi leo, ikichanganywa na dawa nyingine, ni sehemu ya matibabu yanayoponya watoto wengi wenye aina moja kubwa ya saratani ya damu.

Sasa tuje kwenye figo.

Kinga ya mwili ni kama sungusungu wa kijiji. Wanawajua wenyeji wote, na mgeni asiye na barua wanamshika usiku. Ukimwekea mtu figo ya mwingine, hata ya kaka yake, sungusungu wanaona mgeni na wanaivamia mpaka inakufa. Desemba 1954, huko Boston, daktari Joseph Murray alifanikiwa kupandikiza figo kwa sababu mgonjwa na mtoaji walikuwa mapacha wa kufanana kabisa, na sungusungu hawakuona tofauti. Lakini ni wagonjwa wangapi wana pacha wa kufanana?

Seli za kinga zinapogundua adui huzaliana kwa kasi sana, na kwa kuzaliana zinahitaji yale yale matofali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari wawili wa Boston, Robert Schwartz na William Dameshek, waliwapa sungura 6-MP na kuona kinga yao imelala. Kijana mmoja mpasuaji wa Uingereza, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, na mbwa wakaishi muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Calne alipokwenda Boston kufanya kazi na Murray, Elion na Hitchings walimpa dawa nyingine walizokuwa wametengeneza. Mojawapo, iliyotokana na 6-MP, ilikuwa azathioprini, ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Imuran. Mbwa mmoja jike aliyeitwa Lollipop aliishi vizuri na figo ya mwenzake, akikimbia kama kawaida. Aprili 1962 Murray akapandikiza figo ya marehemu kwa mtu asiye ndugu, akampa azathioprini, na figo ikafanya kazi kwa zaidi ya mwaka. Tangu hapo haikuwa lazima tena mtu awe na pacha.

Azathioprini pamoja na dawa za jamii ya steroidi ndizo zilizobeba upandikizaji wa figo duniani kwa karibu miaka 20. Siku hizi hospitali nyingi hutumia dawa mpya zaidi, lakini kanuni ni ile ile: sungusungu lazima walegezwe, na walegezwe kila siku, maisha yote.

Na sungusungu wakilegea, mwizi naye anapita. Hapa ndipo tetekuwanga inapoingia.

Tetekuwanga na mkanda wa jeshi ni virusi vya aina moja. Mtoto akiugua tetekuwanga na kupona, virusi havitoki mwilini. Vinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, pembeni mwa uti wa mgongo, na kulala humo miaka 30, 50 au zaidi, wakati kinga inavilinda. Kinga ikishuka, kwa uzee, kwa Virusi vya UKIMWI, kwa saratani au kwa dawa za kulinda figo, vinaamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana mkanda hukaa upande mmoja wa mwili, kama mkanda kweli, na maumivu huanza kabla ya malengelenge. Wapo wanaoamini kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mtu anakufa, au kwamba amelogwa. Sivyo. Na huku kwetu kuna lingine: mtu akitoka mkanda, majirani wanamaliza kesi kwamba ana UKIMWI. Kupima ni vizuri, na daktari atashauri hivyo, lakini mkanda peke yake hauthibitishi kitu.

Kwa mtu mwenye figo ya kupandikizwa, mkanda unaweza kukataa kukaa kwenye mstari wake na kuenea mwili mzima. Ikiwa hakuwahi kuugua tetekuwanga utotoni, na sasa akaipata kwa mara ya kwanza, hatari ni kubwa zaidi. Virusi vinaweza kuingia mapafuni, kwenye ini na kwenye ubongo, na damu ikashindwa kuganda. Wengine huanza na maumivu makali ya tumbo siku kadhaa kabla ya upele wowote kuonekana, na hapo hata mganga mzoefu anaweza kudhani ni vidonda vya tumbo. Mtu anaweza kufa. Tena, katika nchi za joto kama yetu, watu wengi zaidi hufikia utu uzima bila kuugua tetekuwanga kuliko katika nchi za baridi, kwa hiyo huku si jambo la kudhania tu kwamba kila mtu mzima alishaugua.

Elion alirudi kwenye virusi mwaka 1968. Miaka 20 nyuma alikuwa ameona kwamba tofali lake moja bandia lilivisumbua virusi, lakini lilikuwa sumu mno akaliweka pembeni. Wataalamu wengi waliamini dawa ya kuua virusi haiwezekani, kwa kuwa virusi hukaa ndani ya seli na kutumia vifaa vyake, hivyo ukivipiga unapiga na seli. Kampuni ilikuwa inahamia North Carolina, na yeye sasa alikuwa mkuu wa idara yake, cheo ambacho mwanamke hakuwahi kukipata katika kampuni ile. Mkemia mwenzake, Howard Schaeffer, na kikundi chake walitengeneza kemikali waliyoiita asiklovia. Kikundi cha Elion kikachunguza inavyofanya kazi.

Walichokikuta kiliwashangaza wenyewe. Asiklovia huingia mwilini ikiwa imelala. Katika seli nzima inabaki imelala na kutoka na mkojo. Lakini seli yenye virusi vya jamii hii ina kimeng'enya kilichotengenezwa na virusi, na kimeng'enya hicho ndicho kinachoiamsha dawa. Yaani mwizi mwenyewe anafungua mlango wa mtego. Dawa ikiamka inaingia kwenye ukuta wa vinasaba vya virusi kama tofali lisiloshika, na ujenzi unasimama. Waliitangaza hadharani mwaka 1978, na mwaka 1982 ikaanza kuruhusiwa Marekani kwa jina la Zovirax.

Kwa watu waliopandikizwa viungo hii ilikuwa dawa waliyokuwa wakiisubiri bila kujua. Mgonjwa wa tetekuwanga kali hulazwa na kupewa asiklovia kwa dripu. Sharti moja ni mapema: kwa tetekuwanga ndani ya siku ya kwanza ya upele, kwa mkanda ndani ya siku tatu, ingawa kwa mwenye kinga dhaifu hata aliyechelewa hutibiwa. Sharti la pili linahusu figo yenyewe. Asiklovia hutoka kupitia figo, na ikizidi au mtu asipokuwa na maji ya kutosha mwilini inaweza kuiumiza. Ndiyo maana kipimo chake hupangwa na daktari kwa kuangalia figo inavyofanya kazi. Dozi ya mkanda pia ni kubwa kuliko ile ya vidonda vya mdomo, hivyo kuazima vidonge vya jirani hakusaidii.

Kuna jambo jingine kuhusu dawa za Elion ambalo tungependa lisikike mpaka Lundu na Litembo. Allopurinoli, ile ya jongo, ilianza kutafutwa ili kuzuia mwili usiiharibu 6-MP haraka. Baadaye ikagundulika kwamba inapunguza tindikali inayoleta jongo, na mwaka 1966 ikaruhusiwa kwa kazi hiyo. Lakini kazi ile ya kwanza haikuisha. Mtu anayemeza azathioprini akinunua allopurinoli kwa sababu kidole gumba cha mguu kimevimba, azathioprini inarundikana mwilini, uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu, na kinga inaanguka chini kabisa. Ni dawa mbili za mtu mmoja, na zikikutana bila daktari kupunguza dozi zinaweza kuua. Elion mwenyewe alilijua hilo tangu mwanzo, maana ndilo alilokuwa analitafuta.

Alistaafu mwaka 1983 lakini aliendelea kuja kazini. Watu aliowafundisha walishiriki kuifanya AZT kuwa dawa ya kwanza iliyoruhusiwa dhidi ya Virusi vya UKIMWI, mwaka 1987. Alihudumu pia katika kamati za Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya nchi za joto, ikiwemo ya dawa za malaria. Oktoba 1988 mwandishi wa habari alimpigia simu alfajiri, akiwa ananawa uso, kumpongeza kwa Tuzo ya Nobel, alidhani anataniwa. Aliipata pamoja na Hitchings na Mwingereza James Black. Tuzo nyingine tunaziruka, zilikuwa nyingi. Alipenda muziki wa opera, kupiga picha na kusafiri, na barua alizozitunza kuliko vyeti ni za wagonjwa waliopona.

Alifariki tarehe 21 Februari 1999 huko Chapel Hill, North Carolina, akiwa na miaka 81. Ni mwaka ule ule tuliompoteza Mwalimu Nyerere, ambaye aliondolewa na saratani ya damu.

Wakati huo hapakuwa na hospitali ya Tanzania iliyokuwa ikipandikiza figo. Aliyebahatika alipelekwa nje, mara nyingi India. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, ikisaidiwa na wataalamu kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani. Watoaji ni ndugu walio hai. Kwa hiyo sasa mtu anaweza kutoka Mbinga au Nyasa, akapandikizwa hapa hapa nchini, na akarudi nyumbani kwenye mashamba ya kahawa au mwaloni, katikati ya watoto wa ukoo mzima.

Kabla ya upasuaji madaktari hupima damu kuona kama mgonjwa ana kinga ya tetekuwanga. Ipo chanjo, iliyotengenezwa Japani na Michiaki Takahashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ila haimo katika zile ambazo watoto wetu huchomwa kliniki. Ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo hupewa mgonjwa wiki kadhaa kabla ya kupandikizwa. Baada ya hapo kwa kawaida hapewi. Anayesubiri figo na aulize mapema.

Aliyekwisha pandikizwa akikaa nyumba moja na mtoto aliyetoka tetekuwanga, apige simu kliniki yake ya figo siku hiyo hiyo, asisubiri lengelenge la kwanza. Ndani ya siku chache za mwanzo kuna dawa za kumkinga. Hata malengelenge ya mkanda wa jeshi ya bibi yanaweza kumwambukiza, mpaka yakauke, kwa hiyo bibi ayafunike kwa kitambaa safi. Dawa za kulinda figo asiziache wala kuzipunguza mwenyewe, maana anaweza kuipoteza figo. Daktari ndiye anayejua ipi ipunguzwe na kwa siku ngapi. Na kwenye duka la dawa, kabla ya kutaja kinachomuuma, aanze kwa kusema ana figo ya kupandikizwa na aoneshe orodha ya dawa anazomeza. Mfumo wa maduka ya dawa muhimu ulianzia hapa hapa mkoani Ruvuma mwaka 2003, na wauzaji wake wamefundishwa kumwelekeza hospitali mgonjwa wa namna hiyo.